Uso wa Skailaini

Skola, binti mkubwa wa Fundi Oswadi, ameolewa hapa hapa Namanyere, kwa hiyo baba yake alipofariki kule Mollo alikuja studioni kwangu kutengeneza bango la msiba. Ilikuwa asubuhi ya baridi, amejitanda khanga mbili juu ya sweta. Picha alikuwa nayo kwenye simu: mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini, anatazama pembeni kama mtu aliyeitwa jina lake. Nikaihamishia kwenye kompyuta. Bango ni pana na picha ilikuwa nyembamba, zikabaki nafasi nyeupe kushoto na kulia, na Skola akaniambia niivute tu ijae. Wateja wangu wananijua kwa ukaidi katika jambo hilo moja. Sivuti picha ya mtu, hata bwana harusi akinuna. Lakini mwenye msiba habishiwi, nikashika pembe nikavuta. Mashavu ya Fundi Oswadi yakafura, masikio yakakimbia, macho mawili yakaachana. Niliiachia mausi kama imenichoma. Nilimwomba Skola tuiache picha kama ilivyo, yeye akasema sawa, alikuwa amechoka.

Halafu akanipa karatasi mbili za daftari, wasifu wa marehemu ulioandikwa na mdogo wake, niuchape ili usomwe kabla ya mazishi. Alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alisoma hadi darasa la saba. Katikati kulikuwa na sentensi hii: "Marehemu alikuwa fundi bodi hodari wa mjini Sumbawanga hadi alipoacha kazi hiyo kutokana na tatizo la macho." Niliichapa neno kwa neno. Nilijua si kweli, na nilijua kwamba anayejua si kweli ni mtu mmoja tu, yaani mimi. Nilitoa nakala hamsini, nikazipanga, nikazifunga kwa uzi, Skola akashukuru akaondoka. Mimi nikafunga studio mapema, nikaenda kukaa jikoni kwangu, nikaukumbuka mwaka ule wa Sumbawanga tangu mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Matokeo yangu ya kidato cha nne nitayahifadhi moyoni. Kazi niliyoipata ilikuwa ya kusimamia chumba cha gemu nyuma ya duka la Mama Tumaini, karibu na soko la Sumbawanga. Mama Tumaini alikuwa Mnyakyusa aliyehamia kwetu na biashara ya mchele, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kwaya. Chumba kile kabla ya gemu kilikuwa stoo ya mahindi, na harufu ya magunia haikutoka hata siku moja. Tulikuwa na mabenchi mawili ya mbao, blanketi lililotundikwa dirishani ili jua lisipige kioo, na saa ya ukutani ambayo ndiyo ilikuwa hakimu wangu. Kazi ilikuwa kumkalisha mtu, kumwinua muda wake ukiisha, kufuta alama za vidole kwenye kioo na kuamua magomvi. Mchana tulikula pamoja kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Yeye wali wa Kyela na maharage, mimi ugali wa ulezi na samaki mkavu aina ya mgebuka niliotoka nao nyumbani. Kila siku alinitania kwamba sisi Wafipa tunakula udongo, na kila siku mkono wake ulikuja kuchovya kwenye udongo wangu.

Jioni chumba kilikuwa cha vijana wa shule na mpira wao. Lakini mchana, saa za watu wazima, wateja walikuwa madereva, makondakta na mafundi, na hao hawakutaka mpira. Walitaka gemu la magari. Lilikuwa na orodha ndefu ya magari, na si magari ya kubuni. Ni yale yale yanayopita barabarani, kwa jina, kwa mwaka, kwa rangi. Unaweza kulichagua moja likakaa peke yake kwenye kioo, ukaligeuza polepole mbele, ubavu, nyuma. Watu wale hawakushindana. Walikagua. Dereva mmoja wa basi la Mbeya alisikiliza mlio wa Korola huku amefumba macho, akatoa hukumu kwamba gia ya pili ni ya kweli lakini ya tatu wameibembeleza. Mwingine alisema taa za nyuma za piki-apu ni sawasawa hadi ule mstari mdogo wa mpira. Kondakta mmoja aliwapinga wote: gari lililotoka Chala kwa barabara ya vumbi halafu ndani ni safi namna ile, akasema, hilo si gari, ni picha ya kalenda. Wakabishana hadi muda wao ukaisha.

Na mimi, ambaye sikuwahi kukaa kiti cha mbele cha gari lolote, nikawa mtaalamu. Ndani ya kasha la ile diski kulikuwa na kijitabu cha Kijapani, na katika ukurasa mmoja watu wenye makoti meupe wameinama juu ya gari halisi wakilipima. Sikuweza kusoma hata herufi moja, lakini picha niliielewa, au nilidhani nimeielewa. Kila aliyetilia shaka nilimfunulia ukurasa ule. Niliwaambia kwamba hawa wamepima kila nati, wamerekodi kila injini, gemu halikosei. Nilipenda sana kusema gemu halikosei. Nikifikiria sasa naona kwamba mwaka ule hakuna kitu kingine chochote nilichokuwa na uhakika nacho.

Mwezi wa tano Mama Tumaini alirudi kutoka Tunduma na tivii pana, bapa, ya kwanza mtaani kwetu. Ile ya zamani ya chogo tukaipeleka pembeni na kuifunika khanga. Tulipounganisha mashine ya gemu, picha ilikaa katikati tu, na pande mbili zikabaki nyeusi. Wateja walilalamika siku hiyo hiyo. Walisema wanalipia tivii nzima wanapewa nusu, na Mama Tumaini alinitazama kama mimi ndiye niliyekula hizo pande. Nikachukua rimoti nikabonyeza kila kitu, hadi picha ikaruka ikajaa kioo kutoka ukingo hadi ukingo. Chumba kizima kilipiga makofi. Wachezaji wa mpira walinenepa kidogo, vijana wakacheka kwamba wamekula vizuri msimu huu, na baada ya siku mbili hakuna aliyeona tena. Mama Tumaini aliniongezea kipande cha nyama kwenye sahani yangu, akasema binti huyu ana kichwa.

Fundi Oswadi alikuja mwezi wa sita, baada ya mavuno. Gereji yake ilikuwa mita chache tu kutoka kwetu, uwanja wenye uzio wa mabati, na nilikuwa nikisikia nyundo yake tangu asubuhi. Alikuwa mtu wa karibu miaka arobaini, mpole, mwembamba, na mjini kote ikijulikana kwamba akikunyooshea mlango hutaona ulipobondeka hata ukipitisha kiganja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye benchi amevua kofia kama yuko kanisani. Aliniuliza kama ndani ya gemu kuna Skailaini ya zamani, ile ya taa za pembe nne. Nikatafuta. Ilikuwepo, ya milango miwili, na yeye alitaka ya milango minne, lakini alipouona uso wake alisogea mbele hadi pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

Alinieleza shida yake. Mwalimu Anastazia wa Chala alikuwa mjane, na mumewe alimwachia Skailaini moja, pengine ya pekee katika Ufipa nzima. Kwa miaka ilikuwa imeegeshwa nyuma ya nyumba, na wezi wameichuna uso wote: taa, bampa, grili, yale meno ya mbele kati ya taa mbili. Mafenda ya mbele, yale mabati ya juu ya matairi, yalikwisha kwa kutu. Sasa binti yake, Edita, alikuwa anaolewa mwezi wa nane, na mwalimu alitaka mtoto aende kanisani kwa gari la baba yake. Vipuri havikupatikana Sumbawanga wala Mbeya. Fundi Oswadi alikubali kuutengeneza uso upya kwa bati na chuma, ila hakuwahi kuuona. Picha iliyokuwepo nyumbani ilikuwa moja, na humo marehemu amesimama mbele ya gari lake jipya, mikono kiunoni, akiwa ameficha grili yote kwa suruali yake. Fundi alinionyesha picha hiyo. Tulicheka, maana kila mtu tunayemjua mwenye gari ana picha ya namna hiyo.

Kwa hiyo alikuja kupima gari kwenye kioo. Alikuja kila siku mchana kwa karibu wiki mbili, na rula ya chuma, uzi na kipande cha penseli nyuma ya sikio. Nilimgeuzia Skailaini hadi ikatazama mbele kabisa, halafu nikawaomba wengine wasubiri. Kanuni yake ya kazi ilikuwa kuanzia na sehemu iliyobaki nzima. Kwenye gari la mwalimu kilichobaki kizima ni boneti na chuma cha chini cha rejeta, basi alijua kimo cha uso. Akapima kimo hicho kwenye kioo, akapima upana wa grili kwenye kioo, akaona upana ni mara ngapi ya kimo, akahamishia kwenye gari. Alirudia kila kipimo mara tatu. Kondakta yule wa vumbi alimtania kwamba anashona suruali ya picha, naye akatabasamu bila kuinua kichwa.

Siku moja alikaa muda mrefu akitazama namba zake. Akaniambia kuna kitu hakimkai sawa; akijumlisha grili na taa zote mbili, uso unakuwa mpana kuliko gari lenyewe.

"Au hili la kwenye gemu ni la mashindano?" akaniuliza. "Limetanuliwa mafenda?"

"Ndiyo, fundi," nikasema. "Ni la mashindano hilo."

Sikujua chochote. Nilisema kwa sababu aliniuliza mimi, na kwa sababu jibu lilikuwa limelala mdomoni tayari. Yeye akashukuru. Akasema basi upana uliozidi ni wa mafenda, ataupunguza kwenye taa, atatafuta taa nyembamba, grili ataiacha kama ilivyo kwa sababu gemu halikosei. Hayo maneno ya mwisho yalikuwa yangu, na aliyatamka kwa heshima.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua, nilikuwa nafuta kioo. Skailaini ilikuwa imesimama ubavu, na kitambaa changu kilifuata ukingo wa tairi la nyuma. Mkono ulikwenda mbali, ukarudi, na ukanikatalia. Nilirudia. Tairi halikuwa duara. Lilikuwa pana kama yai lililolala, na la mbele vilevile, na nilipojaribu gari lingine, matairi yake pia. Nilikaa kwenye benchi kwanza. Halafu nikachukua rimoti nikabonyeza kile kitufe nilichokuwa nimepigiwa makofi, na zile pande nyeusi zikarudi, na Skailaini ikajikusanya mbele ya macho yangu ikawa gari jingine, jembamba, lenye mdomo mdogo. Kumbe gemu lilikuwa kweli halijakosea. Wale wenye makoti meupe walipima sawasawa, ikafika salama kutoka Japani hadi Sumbawanga, na mimi ndiye niliyeivuta.

Nyundo ya Fundi Oswadi ilikuwa haijaanza. Alikuwa bado na mchoro kwenye boksi tu, chuma angekata siku hiyo mchana. Ilikuwa hatua chache kwenda kumwambia. Nimejiuliza miaka yote kwa nini sikwenda, na majibu yangu hayajawahi kuwa mazuri. Nilimwogopa Mama Tumaini na wateja wake wa tivii nzima. Niliona aibu juu ya lile jibu la mashindano. Nilijiambia tofauti ni ndogo, na kwamba hakuna mtu Sumbawanga anayejua Skailaini inafananaje. Nikabonyeza kitufe tena, picha ikajaa, nikafungua mlango. Saa nane nilisikia msumeno wa chuma ukianza kule kwenye uzio wa mabati, nikaongeza sauti ya gemu.

Harusi ilikuwa nzuri. Watu walitoka Chala na vijiji vyake, na Skailaini ilipakwa rangi nyeupe ikang'aa hadi unajiona. Nilikuwa nje ya kanisa pamoja na Mama Tumaini. Kwa kweli nilipoliona gari lile moyo ulitulia, maana lilipendeza. Grili ilikuwa ya vyuma vilivyopangika kama nywele zilizosukwa, hakuna hata alama ya kulehemu. Ilikuwa pana tu, taa zikasukumwa pembeni kabisa. Fundi Oswadi alisimama mbali kidogo amevaa koti, mkewe kando yake, akilitazama gari na si maharusi. Halafu mgeni mmoja wa upande wa bwana harusi, mzee wa Mbeya aliyewahi kuendesha Skailaini kwa miaka, alizunguka mbele akasimama akainamisha kichwa. Akauliza kwa sauti ya kawaida tu nani ameiharibu. Akaeleza kwa mikono yake jinsi mdomo ulivyo mdogo na taa zilivyo kubwa. Mtu nyuma yangu akasema basi hii si Skailaini, ni kambale, na kwa watu wanaokula samaki wa Ziwa Rukwa utani huo haukuhitaji maelezo. Kicheko kilipita kwenye umati wote. Kufikia jioni gari lilikuwa limepata jina ambalo linalo hadi leo.

Mwezi wa tisa Fundi Oswadi alikuja tena chumbani. Katikati hapo Mama Tumaini alikuwa ameihamishia tivii pana sebuleni kwake kwa ajili ya wageni wa ubarikio wa mwanawe, nasi tumerudi kwenye ile ya chogo. Nilipomwona mlangoni na rula yake nilijua kinachokuja. Aliniomba Skailaini. Aliona tivii ni nyingine, ndogo, lakini hilo halikumshughulisha. Yeye hupima kitu ni mara ngapi ya kingine, na hesabu hiyo haijali ukubwa wa kioo. Alipima kimo. Akapima upana. Akatoa ile karatasi ya zamani mfukoni akaiweka kwenye goti. Alipima tena, mara ya tatu, ya nne. Pale ambapo karatasi ilisema nne, rula ilisema tatu. Gemu lile lile, gari lile lile, rula ile ile.

Nje Mama Tumaini alikuwa anabishana na mteja juu ya sabuni, na nilisikia kila neno.

"Kumbe ni macho," akasema.

"Labda ni tivii, fundi," nikasema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba nilijua haitafika.

"Hapana, binti. Tivii haina kosa. Nilipima mara tatu tatu, siku zote zile, na mara zote niliona nne." Akakunja karatasi vizuri akairudisha mfukoni. "Bora nimejua mapema, kabla sijaharibu la mtu mwingine."

Akavaa kofia, akaniaga kwa adabu ile ile. Ningeweza kumkimbilia. Nilikuwa na muda wote aliotumia kuvuka ule uwanja, na alikuwa mtu wa kutembea polepole. Mwezi wa kumi, mvua zikikaribia, alimwachia mwenzake gereji, akarudi Mollo kulima mahindi na ulezi. Nyundo ilisikika bado pale kwenye uzio, lakini ilikuwa ya mtu mwingine, na unaposikia nyundo kila siku unajua tofauti. Mimi nilimaliza mwaka nikaondoka, nikajifunza kupiga picha kwa mtu mmoja wa Mbeya, nikafungua studio Namanyere. Watu husema nina jicho. Sijawahi kufurahia kusifiwa hivyo.

Msibani Mollo nilikwenda na basi la asubuhi. Nilipofika, bango lilikuwa limefungwa ukutani na zile nafasi nyeupe pande zote mbili, na nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba siku hizi mafundi picha ni wavivu, wameshindwa hata kuijaza. Chini ya bango, kwenye nyasi, ilikuwa imeegeshwa Kambale. Edita mwenyewe, yule bibi harusi, ndiye aliyekuja nayo, sasa mama mtu mzima, na pamoja naye binti yake wa sekondari. Aliniambia mafundi wawili wameshamtaka abadilishe uso, siku hizi grili halisi inaagizwa kwa simu tu, lakini mama yake alikataa hadi alipofariki na yeye pia anakataa. Binti akadakia kwamba analo gari hilo kwenye gemu la simu yake. Alinionyesha. Nilitazama matairi kwanza, yalikuwa duara. Gari lilikuwa limetengenezwa kwa namna ambayo wale madereva wangu wangelia: vumbi kwenye vioo, mishono ya viti, hata skrubu za namba.

"Wamejitahidi, shangazi," binti akasema, "ila mdomo wamekosea. Wameufanya mdogo."

Nilimrudishia simu yake. Nikaenda mbele ya Kambale nikachuchumaa, nikanyoosha kiganja juu ya grili. Nilipima kimo kwa vidole, nikapima upana. Nne, kamili, kutoka kona hadi kona, bila kupungua wala kuzidi, na vyuma vyote vimenyooka baada ya miaka yote hiyo ya barabara ya Chala. Hakukosea hata kidogo. Alichokiona ndicho alichokitengeneza. Nililia pale, na watu walidhani ni msiba, na walikuwa sahihi.

Mjane, Mama Skola, alikuwa ndani, amekaa kwenye godoro chini pamoja na wanawake wengine. Nilimpa pole, nikaomba kukaa karibu yake, na nikamweleza kwa sauti ya chini: tivii, kitufe, tairi, lile jibu la mashindano, na ile siku ya mwezi wa tisa. Alinisikiliza akitazama mikono yake.

"Alikwenda hospitali kupimwa," akasema. "Mara mbili. Mara zote wakamwambia macho yako ni mazima. Akarudi hapa akaniambia hata mashine za hospitali zinakosea."

Akageuka akanitazama.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Niliogopa kazi, mama. Baadaye niliogopa kwa sababu nimechelewa."

"Alikuwa anamvusha mjukuu barabara kwa kumshika mkono," akasema, "halafu anamuuliza mtoto kama kuna gari linakuja." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Hakunishika mkono wala hakunifukuza. "Wasifu umeuchapa wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi utausoma wewe."

Skola alinipa nakala yangu mwenyewe. Nilisimama kando ya jeneza, padre akanipisha, na upepo wa Mollo ulikuwa mkali hadi ikabidi nishike karatasi kwa mikono miwili. Nilisoma alipozaliwa, alipobatizwa, alikosoma. Nilipofika kwenye ile sentensi niliishusha karatasi.

"Marehemu alikuwa fundi bodi hodari wa mjini Sumbawanga," nikasema, "na aliacha kazi hiyo kwa kosa langu mimi, Leokadia. Nilivuta picha aliyokuwa anapimia, nikajua, nikanyamaza, akadhani ameanza kupofuka. Gari lile pale alilitengeneza sawasawa na alivyoona. Macho yake yalikuwa mazima."

Watu waligeuka kuitazama Kambale, na hakuna aliyecheka. Mama Skola aliinamisha kichwa, kisha akakiinua, akanionyesha kwa kidevu niendelee. Nikainua karatasi, nikatafuta mstari nilipoishia.

"Marehemu ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa."